Vibawa, Semikondakta au Grafini? Kuchagua Njia ya Kurekebisha Mawimbi ya Terahezi

Mpiga kanuni wa taarabu ana nyuzi sabini na ushei mbele yake, na mwisho wa nyuzi hizo, upande wa mkono wa kushoto, kuna safu za vibanzi vidogo vya chuma. Sauti ikitakiwa ipande kidogo, anakiinua kibanzi kwa kidole, sehemu ya uzi inayotetemeka inafupika, na sauti inapanda pale pale huku wimbo ukiendelea. Angeweza pia kuweka kiganja juu ya nyuzi. Hapo napo kuna kilichobadilika, ila sauti haikuhama: imezimwa.

Kila ninapoulizwa na mwanafunzi achague njia ipi ya kurekebisha metamateriali za terahezi, yaani vitu vilivyobuniwa kwa kupanga vipande vidogo vya chuma ili viyaitikie mawimbi kwa namna isiyopatikana katika maumbile, huanza na tofauti hiyo. Njia nyingi zinazosifiwa kwenye majarida ya sayansi huweka kiganja juu ya uzi. Mikromashini, zile wahandisi wanazoziita MEMS, huinua kibanzi: zina vibawa, yaani vipande vyembamba vilivyoshikwa upande mmoja tu, vinavyoweza kuinuka na kushuka. Zote mbili zina kazi yake, lakini anayezichanganya atapoteza mwaka mzima kabla hajajua kwa nini kifaa chake hakifanyi alichokikusudia.

Tunarekebisha nini hasa

Terahezi ni eneo la masafa kuanzia 0.1 THz hadi 10 THz hivi, katikati ya maikrowevu na mwanga wa infraredi. Kwa 1 THz, urefu wa wimbi ni milimita 0.3. Mawimbi haya hupenya nguo, karatasi na plastiki, na fotoni yake moja hubeba takriban elektronivolti 0.004 tu, kwa hiyo haina nguvu ya kung'oa elektroni mwilini kama eksirei. Ndiyo maana yanatafutwa kwa ukaguzi wa mizigo na tembe za dawa, na sasa kwa mawasiliano: mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2019 ulitenga jumla ya gigahezi 137 kati ya 275 GHz na 450 GHz zinazoweza kutumiwa na huduma za mawasiliano.

Shida ni kwamba vitu vya asili vingi haviyajali mawimbi haya. Ukitaka kuyazuia, kuyapinda au kuyachuja, itabidi utengeneze kitu chenyewe. Wazo la vitu vyenye tabia za umeme na sumaku zisizopatikana katika maumbile liliwekwa kwenye maandishi na Mrusi Victor Veselago mwaka 1967. Mwaka 1999 John Pendry wa London na wenzake wakaonyesha kwamba pete za chuma zenye mwanya, zikipangwa kwa wingi, zinaweza kuliitikia wimbi kwa sumaku hata kama chuma chenyewe hakina sumaku. Mwaka 2004 pete za aina hiyo zilifanya kazi karibu na 1 THz.

Pete yenye mwanya ni sakiti nzima katika umbo moja. Mzunguko wa chuma ni koili, mwanya ni kapasita. Pete huitikia kwa nguvu pale masafa ya wimbi yanapolingana na yake, na masafa hayo hutegemea kipeuo cha pili cha koili mara kapasita. Chukua pete inayoitikia kwa 0.80 THz. Ongeza kapasita kwa asilimia 20: inashuka hadi 0.73 THz. Ongeza mara mbili: 0.57 THz. Hapo mbunifu ashtuke, kwa sababu mvuke wa maji una mstari mkali wa kunyonya kwenye 0.557 THz. Kifaa chako kitakuwa kimerekebishwa vizuri kabisa kuelekea mahali ambapo hewa yenyewe inameza wimbi. Ndiyo maana vipimo vingi vya maabara hufanyika ndani ya sanduku lililojazwa naitrojeni kavu, na ndiyo maana anayeota kuyatumia mawimbi haya nje, kwenye hewa nzito ya Tanga au Mombasa, achague dirisha la masafa kwanza, umbo la pete baadaye.

Kiganja juu ya uzi: semikondakta

Kazi iliyofungua mlango ilitoka Marekani mwaka 2006. Kundi la Hou-Tong Chen lilichora pete za dhahabu juu ya tabaka jembamba la galiamu asenidi iliyotiwa elektroni. Bila volti, elektroni zile huziba mwanya wa pete kama mtu aliyeweka waya juu yake, na pete haiitikii. Ukiweka volti kinyume, hadi 16, elektroni zinafukuzwa karibu na mwanya, mwanya unafunguka, pete inafufuka. Kifaa kile kilibadilisha kiasi cha wimbi linalopita kwa takriban asilimia 50 karibu na 0.72 THz, kwenye joto la kawaida la chumba. Mwaka huohuo kundi lenye baadhi ya watafiti hao lilionyesha kwamba unaweza kufanya hivyo kwa kumulika pete kwa leza badala ya volti.

Sifa kuu ya njia hii ni kasi. Hakuna kinachosogea isipokuwa elektroni. Kwa volti, vifaa vya namna hii hufika mamilioni ya mara kwa sekunde, na kinachovichelewesha mara nyingi ni ukubwa wa eneo linalopaswa kujazwa chaji. Kwa leza na semikondakta zilizotengenezwa ili zisahau haraka, mabadiliko hupimwa kwa pikosekunde, yaani sehemu za trilioni za sekunde. Kitu kinachosogea kwa viungo hakitafika huko.

Lakini tazama kinachofanyika ndani. Elektroni za kwenye mwanya haziibadilishi kapasita sana, zinavujisha umeme. Rezonansi, yaani ule mwitikio mkali wa pete kwenye masafa yake, inafifia mahali pake ilipokuwa, haiendi kokote. Ukitaka swichi ya kuwasha na kuzima, sawa. Ukitaka kichujio kinachotembea kutoka 0.6 hadi 0.8 THz, kifaa cha namna hii hakikufai. Tena tabaka la elektroni linanyonya wimbi hata pale usipotaka linyonye, kwa hiyo unalipa upotevu kila wakati.

Kinachoinua kibanzi: vibawa vya dhahabu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo chaguo lenyewe lina machaguo ndani yake.

Mwaka 2009 kundi la Chuo Kikuu cha Boston, Hu Tao na wenzake, lilitengeneza pete zilizokaa juu ya miguu ya vitu viwili vilivyobandikwa pamoja, dhahabu na silikoni naitraidi. Vitu hivyo havitanuki sawa vinapopata joto, kwa hiyo mguu unajikunja na pete nzima inainuka kutoka kwenye kisahani, kile kipande bapa kinachobeba pete zote. Pete ikilala, sumaku ya wimbi linalokuja wima inaambaa juu yake tu bila kupita katikati. Ikiinuka, inaanza kuikata. Umegeuza jinsi kitu kinavyoliona wimbi kwa kugeuza pembe tu, bila kuongeza hata chembe ya kitu kinachonyonya. Dhahabu ni ileile, hewa ni ileile.

Miaka miwili baadaye, Singapore, Ai-Qun Liu na wenzake walikwenda njia ya pili: kusogeza kwa ubapa. Nusu ya kila pete imefungwa kwenye kisahani, nusu nyingine iko juu ya fremu inayosukumwa na vitana viwili vilivyoingiliana meno bila kugusana. Weka volti, vitana vinavutana, fremu inateleza mikroni kadhaa, na nusu mbili za pete zinakutana au kuachana. Kwa 1 THz, pete moja ina upana wa mikroni 30 hadi 50, chini ya unene wa unywele, kwa hiyo mwendo wa mikroni chache ni mwendo mkubwa. Hii ndiyo bahati ya terahezi: kwa maikrowevu ungehitaji kusogeza milimita, na kwa mwanga unaoonekana pete zenyewe ni ndogo mno kuwekewa viungo kwa urahisi. Terahezi imeangukia pale pale ambapo mikromashini zimekuwa zikiishi tangu zamani.

Sasa nguvu ya kusogeza itoke wapi? Umeme tuli ndio mwepisi zaidi wa matumizi. Kibawa juu, sahani chini, volti kati yake. Baada ya kuvutwa, hakuna mkondo unaopita zaidi ya uvujaji mdogo, kwa hiyo kukishikilia kibawa siku nzima hakugharimu karibu chochote. Kinajibu kwa mikrosekunde chache hadi makumi. Ila kina mtego ambao kila anayeanza huuingia. Nguvu ya umeme tuli hukua kwa mraba kadiri mwanya unavyopungua, huku springi ikikaza kwa kiasi tu. Kibawa kikishatembea theluthi moja ya mwanya, umeme unashinda na kinaanguka hadi chini. Kama mwanya wako ni mikroni 3, unayo mikroni 1 tu ya kurekebisha pole pole. Iliyobaki ni kuruka. Kwa hiyo kibawa cha umeme tuli kwa asili ni cha hali mbili, juu au chini. Vitana havina mtego huo kwa ukali uleule, na ndiyo maana vinapendwa pale unapotaka kutembea hatua kwa hatua, ijapokuwa fremu zake hula nafasi na pete zote lazima zisogee pamoja.

Joto linakupa mwendo wote bila kuruka, laini, wa kutabirika. Lakini linachukua milisekunde, na linakula umeme muda wote linaposhikilia. Piga hesabu: eneo la sentimita moja ya mraba lenye pete moja kila mikroni 60 lina pete karibu 28,000. Hata kila moja ikitumia mikrowati 100 tu, umefika wati 2.8 kwenye kipande cha ukubwa wa ukucha, na joto la jirani linaanza kukunja vibawa usivyovigusa. Sumaku ya nje inaweza kuinua vibawa vyote kwa pamoja bila waya hata mmoja. Nzuri kwa jaribio, ngumu ukitaka kila kimoja kijitegemee. Na hewa yenyewe inaweza kusukuma: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitengeneza springi bapa zinazovutwa juu au chini kwa shinikizo la hewa, ile iliyokuwa parafujo ya kushoto ikawa ya kulia, na wimbi likageuzwa mtetemo wake kwa upande mwingine. Katika kazi zote nilizotaja hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa hapa umbo lenyewe ndilo linalogeuka. Mkono wa kushoto na wa kulia ni jambo la umbo, na njia ya moja kwa moja ya kubadilisha umbo ni kusogeza.

Kile ambacho picha za majarida hazionyeshi

Kibawa hujengwa kikiwa kimelala juu ya tabaka la muda, kwa kawaida oksidi ya silikoni. Mwishoni tabaka hilo huliwa na asidi ya hidrofloriki, na kibawa kinabaki kimening'inia. Kisahani cha kwanza nilichokitoa mwenyewe kwenye hatua hiyo nilikiweka chini ya darubini nikiwa na furaha kubwa. Darubini ina gurudumu la kulenga. Kibawa kilichoachiwa vizuri hakionekani chote kwa wakati mmoja: ukilenga shina, ncha inafifia, ukizungusha kidogo, ncha inakaza na shina linafifia. Safu tatu za kwanza zilikuwa hivyo. Safu ya nne, shina na ncha vilionekana vikali kwa pamoja. Sikuhitaji kipimo kingine. Vilikuwa vimelala, vimenata kwenye silikoni, na kuanzia hapo hadi ukingoni hakikuwapo kilichosimama.

Kilichovilaza ni maji ya kusuuzia. Yalipokauka, ngozi ya maji ilivuta kila kibawa chini, kama kanga mbichi inavyonasa mwilini, na kibawa chembamba hakina nguvu ya kujibandua. Dawa yake ipo. Unabadilisha maji kwa pombe, pombe kwa kaboni dioksidi ya majimaji, kisha unaipandisha juu ya nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la angahewa 73 hivi, ambapo tofauti ya majimaji na gesi inatoweka, na hakuna ngozi ya kuvuta chochote. Au unatumia mvuke wa asidi tangu mwanzo, usiingize majimaji kabisa. Njia zote mbili zinahitaji mashine ambayo si kila maabara inayo. Uliza kama ipo kabla hujachora pete ya kwanza, kwa kuwa kukosekana kwake kutaamua matokeo kuliko ubunifu wako wote.

Unyevu unarudi tena baadaye, kifaa kikishatumika. Kibawa kinachogusa chini mara kwa mara kwenye hewa yenye unyevu kitanata siku moja. Kwa hiyo lazima kifungwe kwenye chombo kikavu, na chombo kiwe na dirisha. Kioo cha kawaida hakifai, kinameza terahezi. Watu hutumia plastiki kama polithini nzito, kwatzi, au silikoni safi isiyopitisha umeme. Silikoni nayo inarudisha takriban asilimia 30 ya wimbi kwenye kila uso wake, hasara ambayo ukisahau kuihesabu utadhani pete ndizo mbovu.

Kuhusu kuchoka kwa chuma, wasiwasi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Vioo vidogo vya projekta, alivyovibuni Larry Hornbeck katika kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987, hupinduka maelfu ya mara kwa sekunde, kwa miaka, kwenye kumbi za sinema. Viungo vidogo vilivyofungwa vizuri vinadumu. Kisichodumu ni viungo vilivyoachwa wazi.

Hizo nyingine, kwa ufupi

Grafini ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, na volti inaweza kuongeza au kupunguza elektroni zake. Mwaka 2012 kundi la Korea Kusini liliiunganisha na pete za chuma na kupata mabadiliko ya ukubwa wa wimbi hadi asilimia 47 kwenye joto la chumba. Ni ya haraka, ni nyembamba, na haina kinachosogea. Iko kati ya kiganja na kibanzi: inahamisha kidogo na kuzima kidogo. Yote hutegemea ubora wa karatasi, na karatasi kubwa, safi, isiyo na mikunjo bado ni kazi ya mikono yenye subira.

Vanadi dioksidi ni kihami chini ya nyuzi 68 za Selsiasi hivi, na juu ya hapo hugeuka kuwa kama chuma, upitishaji wake wa umeme ukiongezeka maelfu ya mara. Inakumbuka pia: ikipoa haifuati njia iliyopandia, na mwaka 2009 Tom Driscoll na wenzake waliitumia kumbukumbu hiyo kutengeneza metamateriali inayobaki pale ilipoachwa, ikiwekwa tu karibu na joto lake la kugeukia. Kuitengeneza ni tabaka moja la filamu, bila asidi wala kibawa. Lakini lazima uilishe joto.

Fuwele kioevu, zilezile za skrini za simu, huzungushwa na volti chache. Mwaka 2013 Willie Padilla na wenzake walizimimina juu ya pete zinazonyonya wimbi karibu na 2.6 THz, na kwa volti 4 masafa yakahama kwa chini kidogo ya asilimia 5. Mwendo ni mdogo na ni wa polepole, ila rezonansi inahama kweli bila kuhitaji vibawa.

Nani achukue nini

Anayetaka kuandika data juu ya wimbi, biti baada ya biti, asifike kwenye vibawa kabisa. Achukue semikondakta, na kama anacho kiwanda cha chipu cha kushirikiana nacho, atumie transista za kawaida: mwaka 2020 kundi la Princeton lilionyesha uso wa chipu za silikoni unaoelekeza wimbi la 0.3 THz, kila kipengele kikibadilishwa kwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Ukikaa kwenye masafa hayo ya chini, sioni sababu ya kushindana nao kwa mashine za kusogea. Juu ya 0.5 THz transista zinaanza kupoteza nguvu, na hesabu inageuka.

Anayetaka kichujio kinachotembea, kipima-spektra kidogo, au kioo cha kuelekeza mwale kwa kasi ya jicho la mtu, achukue vibawa. Kama hali mbili zinatosha, umeme tuli. Kama anataka kila kituo cha katikati, vitana, na akubali kusogeza vyote kwa pamoja. Kama anataka kugeuza mkono wa wimbi kutoka kushoto kwenda kulia, aanze hapa. Na kama kifaa kitakaa kwenye betri, kikishikilia hali moja kwa saa nyingi, umeme tuli unawaacha wengine mbali sana.

Asiye na mashine ya kukaushia kwa kaboni dioksidi wala mvuke wa asidi, na ana mwaka mmoja wa kumaliza tasnifu, aanze na fuwele kioevu. Atapata matokeo ya kweli, atajifunza kupima, na pete alizozichora zitamfaa siku vibawa vitakapowezekana. Vanadi dioksidi ningempa mwenye mashine nzuri ya filamu na swali kuhusu kumbukumbu. Grafini ningempa anayekaa jengo moja na mtu anayeikuza.

Ukiamua vibawa, kisahani cha kwanza usikijaze kwa ubunifu mmoja. Tenga safu ya pembeni yenye vibawa vya urefu tofauti, mikroni 10, 15, 20, hadi 60, upana na unene uleule. Baada ya kuviachia, viangalie chini ya darubini kwa gurudumu la kulenga, ukianza na kifupi. Pale ncha na shina vinapoanza kuonekana vikali kwa pamoja ndipo vibawa vyako vinapoanza kunata, na pete zako ziishie chini ya urefu huo.